Ukifika Dar es Salaam, Usitazame Ghorofa Peke Yake

Mgeni atokaye Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, akifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza hutazama juu. Si ajabu. Huku kwetu kilicho juu ni mbuyu, na nyuma yake mbingu. Kule macho hugonga majengo ya zaidi ya ghorofa thelathini, na shingo huchoka kabla ya macho. Mgeni huyo hurudi nyumbani akiwa na habari moja tu ya kusimulia: kwamba jiji ni refu.

Ndugu msomaji, makala haya yanakusudia kukuomba, pindi utakapopata safari hiyo, uteremshe macho. Tazama ukuta, mlango, baraza na upana wa njia. Kila mtaa wa jiji lile una swali moja ambalo ukiliuliza hutapotea njia: nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya nani, na ni nani aliyekatazwa kuijenga? Jibu lake ni historia ya nchi yetu iliyoandikwa kwa mawe, udongo na saruji. Tena ni jibu lenye faida kwetu sisi wa mji mchanga, ambao bado hatujamaliza kujenga.

Safari yenyewe si ngumu kama zamani. Utatoka Nduguti hadi barabara kuu pale Iguguno, upite Singida, Manyoni na Dodoma. Toka mwaka 2024 kuna treni ya umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Na ukishika basi moja kwa moja, utashushwa Mbezi Luis, katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa Februari 2021. Hapo hujafika mjini bado. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na karibu wote hao hulala katika nyumba zisizo za ghorofa. Pumzika kwa wenyeji wako, kisha alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, panda daladala hadi Kivukoni, ufukweni. Matembezi yetu yataanzia baharini na kuelekea bara, kwa maana jiji lenyewe lilikua hivyo.

MAWE YA SULTANI, VIGAE VYA MJERUMANI

Pale palikuwa na kijiji cha Mzizima. Miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji wake kando ya bandari hiyo tulivu. Kazi ilikuwa bado mbichi alipofariki mwaka 1870, na mji ukazubaa. Katika majengo ya zama zake lipo Boma la Kale, lililojengwa mnamo 1867. Aliyewahi kuiona ngome ya mawe waliyoijenga Wajerumani huko Mkalama huenda akadhani kuwa hili nalo ni lao. Sivyo. Wajerumani walilikuta, wakalitumia. Ligusa ukuta wake: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, manene kiasi kwamba jua la mchana kutwa halipenyi hadi ndani, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kuwa fundi hawezi kujenga chumba kipana kuliko mti alioukata.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapa makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Ndipo zilipoinuka nyumba zenye varanda pana na paa za vigae vyekundu. Makanisa mawili ya zama hizo yanaonekana kutoka baharini hata leo: Kanisa la Kilutheri la Azania, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Tazama madirisha ya Azania, jinsi yalivyopewa vipaa vidogo vya vigae kukinga jua na mvua. Mjenzi alikuja na ramani ya kwao, lakini jua la kwetu likamlazimisha kuirekebisha.

Ukifuata ufuko utaikuta Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ya 19. Ni jengo zuri lililokabili upepo wa bahari, na kwa miaka mingi lilikuwa la Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyopatikana kwa fedha za mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji, ambaye jina lake limebaki hadi leo katika jengo moja la Muhimbili. Ocean Road sasa ni taasisi ya kutibu saratani, na mgonjwa wa Mkalama hulazwa pale bila kuulizwa rangi yake. Jirani yake ni Ikulu, ambayo mzinga wa Waingereza uliibomoa mwaka 1914, nao wenyewe wakaijenga upya mwaka 1922. Hapo pita kwa adabu, na kamera uiache mfukoni.

MJI ULIOKATWA VIPANDE VITATU

Sasa geuza uso uelekee bara, uingie katikati ya mji. Lakini kwanza fahamu jambo moja, maana bila hilo mitaa itakuwa fumbo kwako.

Mwaka 1914 Wajerumani walitunga kanuni za ujenzi zilizoukata mji sehemu tatu, na Waingereza walipotawala wakaziendeleza. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu, ya pili ya maduka na makazi, ya tatu ya nyumba za namna ya wenyeji. Zingatia ujanja uliomo: kanuni zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mtu. Lakini mshahara wa mwenyeji ulikuwa wa kumtosha udongo na makuti. Aliyekatazwa kujenga kwa udongo amekatazwa kuishi. Kwa hiyo wananchi, ambao hawakuhitaji kufafanuliwa sheria, waliziita sehemu hizo kwa majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Uzunguni ya kwanza ilikuwa kandokando ya Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, na baadaye ikasogea kaskazini hadi Oyster Bay. Ukifika huko utaona nyumba iliyokaa peke yake katikati ya kiwanja kipana, imezungukwa na miti, imeelekezwa upepo. Na nyuma kabisa, kando ya jiko, kijumba cha chumba kimoja cha mtumishi. Nyumba mbili katika kiwanja kimoja, moja imepewa upepo na nyingine imepewa moshi. Hakuna kitabu kitakachokueleza ukoloni kwa ufupi kuliko kijumba kile.

Uhindini ni habari nyingine. Katika mitaa ya Jamhuri, Kisutu, Zanaki na India, nyumba zimebanana, duka chini na maskani juu, na roshani zikitazamana hata majirani waweza kupeana chumvi bila kushuka ngazi. Juu ya milango au karibu na paa, tafuta maandishi: wenye nyumba wengi waliandika jina la familia na mwaka wa kujenga, hasa miaka ya 1920 hadi 1950. Wapeni watoto kazi ya kutafuta miaka hiyo. Watajifunza hesabu na historia kwa pamoja. Mwaka 1971, Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mengi ya majengo hayo yamekwisha bomolewa kupisha minara ya vioo. Kwa hiyo ukiyaona yaliyobaki, yaone vizuri; huenda mwanao asiyakute.

Hapo katikati, kwenye Barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba mwenye bunduki, aliyewekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipewa mahali palepale ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Ni mahali pazuri pa kukutana endapo mtapoteana.

UKIVUKA MNAZI MMOJA

Endelea bara kwa miguu. Ghafla majumba yanakoma na unakuta uwanja wa majani na miti: Mnazi Mmoja. Leo ni mahali pa kupumzikia na kuazimishia siku za taifa. Lakini uwanja huo haukuachwa wazi kwa ajili ya starehe ya mtu. Wakoloni waliutenga uwe mpaka kati ya Uswahilini na mji wao, wakidai kwamba unazuia magonjwa. Utashangaa: ardhi iliyoachwa ili watu wasikaribiane ndiyo leo inayowakutanisha. Na kama ingejengwa, nani angeibomoa?

Ng'ambo yake ni Kariakoo. Jina limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu waliotolewa katika kila pembe ya nchi walibeba mizigo ya vita isiyo yao, na maelfu hawakurudi. Mitaa yake ilipimwa kwa kamba, imenyooka na kukatana kama miraba ya daftari, na ndani ya miraba hiyo Waswahili walijenga nyumba yao.

Nyumba ya Kiswahili, ndugu msomaji, ndiyo iliyokujibu swali lako tangu mwanzo, ingawa haimo katika picha za kuuzia wageni. Ramani yake ni nyepesi: baraza mbele, mlango wa katikati, ukumbi mrefu unaopita hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, choo na kamba ya kuanikia. Kuta zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo; paa lilikuwa la makuti, halafu la madebe yaliyofunuliwa, halafu la mabati. Ukumbi huvuta upepo kutoka mbele hadi uani. Baraza hufanya mwenye nyumba na mpita njia waamkiane. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia, na baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliosomesha watoto kwa kodi ya vyumba. Kijana aliyetoka bara akiwa na kifurushi chake cha nguo hakupokelewa na hoteli. Alipokelewa na chumba cha nyumba hiyo. Ikiwa jiji la Dar es Salaam lina mama, basi ni nyumba ya vyumba sita.

Katika Kariakoo yenyewe zimebaki chache, zimebanwa na ghorofa za maduka. Ukimkuta bibi amekaa barazani, usipite kama upepo. Mpe shikamoo, jieleze kuwa umetoka Singida, na umwombe akuambie mtaa ulivyokuwa. Atakuitikia marahaba, na yamkini utapewa na kigoda.

Jirani hapo ni Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970 na kufunguliwa 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo kama miti ya gulioni. Kila mwavuli umeinama kuelekea katikati, ili maji ya mvua yashuke ndani ya nguzo hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Fikiria: mtu aliitazama miti ambayo mama zetu hufanyia biashara chini yake, akaitazama na mvua ya masika, akavifanya vitu viwili hivyo kuwa jengo moja. Moto uliliunguza soko hilo Julai 2021, na Serikali ikaamua lifufuliwe na kuongezewa jengo jipya pembeni. Mtu wa Nduguti, ambaye anajua thamani ya debe moja la maji mwezi wa Oktoba, asiondoke Kariakoo bila kuelezwa siri ya paa lile.

BONDE NA KILIMA

Kutoka Kariakoo kwenda Magomeni utavuka bonde la Jangwani, anakopita Mto Msimbazi. Mara nyingi litakuwa kavu na la amani. Usilidharau. Desemba 2011 mvua kubwa ililijaza, watu kadhaa wa kadhaa wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Bonde halikuwa limewadanganya. Lilikuwa tu limesahauliwa kwa miaka kadhaa.

Magomeni ni mtaa uliopangwa mwishoni mwa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mjini. Kuna nyumba aliyowahi kuishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya kudai Uhuru, ambayo imehifadhiwa kuwa makumbusho. Itazame ilivyo ndogo. Na kuna Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilihamishwa mnamo 2011 na 2012 nyumba zao zikabomolewa. Wenyewe walingoja miaka kumi, hadi majengo mapya ya ghorofa yalipozinduliwa Machi 2022. Safari hii waliokuwa wakazi walirudi. Lakini miaka kumi ni utoto mzima wa mtoto, na haukujengwa tena.

Mbele zaidi utafika Sinza na Kijitonyama, ambako miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja, ikapitisha njia na maji, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kadiri ya uwezo wao. Manzese, iliyokwisha jengwa bila ramani, haikubomolewa. Ilipelekewa barabara na mabomba mahali ilipo. Linganisha mitaa hiyo kwa miguu yako. Katika mmoja gari la wagonjwa linafika mlangoni. Katika mwingine, mbali na barabara kubwa, mgonjwa hubebwa mgongoni. Tofauti yake si utajiri wa watu. Ni kwamba mmoja ulipimwa kabla ya kujengwa.

Maliza safari yako Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo. Kilianzishwa miaka ya 1960 kuhifadhi nyumba za jadi za makabila yetu, kila moja imejengwa kwa namna ya kwao. Na hapo, baada ya siku nzima ya kustaajabia ya wengine, utaikuta tembe. Wageni kutoka Ulaya wanaizunguka wakipiga picha. Wanaelezwa jinsi paa lake bapa la miti na udongo linavyofaa nchi ya mvua haba, jinsi kuta nene zinavyotunza ubaridi mchana na joto usiku, jinsi nafaka zinavyoanikwa juu yake. Wewe huhitaji kuelezwa. Wanyiramba na Wanyisanzu wengine bado wana babu anayeishi ndani ya nyumba kama hiyo, na mjukuu anayeionea haya.

CHA KURUDI NACHO

Wasafiri wengi hurudi na kitenge na kandambili. Wewe rudi na ramani.

Wilaya ya Mkalama ilizaliwa mwaka 2012 ilipotengwa kutoka Iramba, na toka hapo Nduguti imeacha kuwa kijiji. Ofisi zimekuja, watumishi wamekuja, na matofali ya saruji na mabati yamekuja nyuma yao. Kila mwezi kuna msingi mpya. Yale ambayo Dar es Salaam ililipia kwa machozi, sisi bado tunaweza kuyapata kwa bei ya kamba ya kupimia.

Mambo yenyewe hayahitaji msanifu kutoka ng'ambo. Korongo lililo kavu leo lisijengwe, kwa kuwa maji hayasahau njia yake. Mtaa upimwe kabla ya msingi wa kwanza. Paa la bati, ambalo si bapa kama la tembe, lifungwe mfereji na tangi, ili mvua ya Desemba inywewe hadi mvua nyingine, kama Amuli alivyokusudia kule sokoni. Nyumba ya tofali isidharau maarifa ya tembe: ukuta mnene, dirisha lililokwepa jua la magharibi, kivuli mbele ya mlango. Na baraza lisikosekane, kwani mji usio na mabaraza ni mji ambao watu wake huonana msibani tu.

La mwisho ndilo kubwa. Katika kila mtaa mpya uachwe uwanja mmoja mtupu, usio wa mtu, wa watoto, wa gulio na wa kivuli. Wakoloni waliiacha Mnazi Mmoja kwa nia mbaya, na bado imekuwa neema. Sisi tukiacha ya kwetu kwa nia njema, itakuwaje? Kiwanja hicho leo hakitatugharimu zaidi ya ubishi wa siku moja katika mkutano wa hadhara. Kikisha gawiwa, hakitarudi.

Kwa hiyo utakaporudi, jirani akikuuliza umeona nini Dar es Salaam, usimwambie kwamba majumba ni marefu. Mchukue mpaka pale vinapopimwa viwanja vipya, umwonyeshe kwa kidole mahali panapostahili kuachwa wazi.